Nilivyokagua makao ya wazee kwa ajili ya mama asiyeweza kuita

Kiharusi cha pili kilimwachia mama akili zake na kumnyang'anya karibu kila kitu kingine: mkono na mguu wa kulia, uwezo wa kumeza bila kupaliwa, na maneno. Ukimweleza jambo anaelewa. Anacheka panapostahili kucheka. Lakini akitaka maji huenda akatamka "kesho", na akiumwa huenda akanyamaza tu. Madaktari huiita hali hiyo afasia.

Tulimtunza nyumbani kwa zamu mpaka mgongo wa dada ukakataa, na mimi nikawa silali, nasikiliza pumzi zake. Kumnyanyua mtu mzima aliyepooza ni kazi ya watu wawili, na usiku alikuwa akibaki naye mmoja. Suala la makao ya wazee lilipofika kwenye kikao cha familia, shangazi alinuna na kaka mkubwa akauliza watu watasemaje. Ubishi huo ulikula muda mwingi, ukatuachia kidogo sana cha kuuliza mama aende wapi. Kama mzee wenu ameanza kudhoofika, tembeleeni makao mapema, hata kama hamtamtoa nyumbani kamwe. Hospitali ikishasema inahitaji kitanda chake, mtachukua penye nafasi na si penye uangalizi.

Orodha za maswali ya kuuliza ziko nyingi, nami nilibeba mojawapo. Baada ya kutembelea makao ya kwanza niliikunja nikaitia mfukoni. Maswali yale yanamfaa mzee anayeweza kubonyeza kengele, kukataa chakula kilichopoa, kumpigia mwanawe simu. Mama hawezi lolote kati ya hayo. Nikabaki na swali moja ambalo nililipeleka sebuleni, jikoni, kwenye kabati la dawa na hata kwenye mkataba: hapa, mtu asiyeweza kuita anahudumiwaje?

Kabla ya kwenda kokote, soma ripoti za ukaguzi kama mamlaka ya eneo hilo inazitoa. Usiishie kwenye alama ya jumla, kwa kuwa alama hiyo ni ya siku wakaguzi walipokuja, na tangu hapo huenda msimamizi na nusu ya wahudumu wameshaondoka. Chukua ripoti kadhaa za makao yaleyale uzipange kwa miaka. Kasoro iliyotajwa mara moja kisha ikatoweka hainitishi. Kasoro inayorudi kila ripoti kwa maneno tofauti, leo "kumbukumbu za dawa hazijakamilika", kesho "saini zinakosekana", hiyo ndiyo tabia ya nyumba. Angalia pia kama kila ripoti ina jina la msimamizi mpya. Wasimamizi wanaokimbia huwa wanakimbia kitu.

Ziara ya kwanza ni ya kuonyeshwa. Utapokewa na maua mezani, utapitishwa kwenye chumba kilichopakwa rangi juzi, utaambiwa "hapa sisi ni familia moja". Sikiliza kwa adabu, kisha omba kuona chumba cha aina atakayopewa mzee wako hasa, na choo cha ule ukumbi wa mwisho ambao ziara haikufika. Kuhusu harufu nimejifunza kutofautisha. Harufu ya mkojo mahali pamoja, asubuhi, ni watu kuishi. Harufu iliyokaa ndani ya zulia na viti ni watu kuachwa. Na pale ambapo marashi yanakupiga usoni tangu mlangoni, jiulize yanafunika nini.

Kisha ukae. Hili ndilo jambo lililonisaidia kuliko yote: kuketi sebuleni pamoja na wazee, simu mfukoni, bila kuuliza chochote. Katika makao mamoja, yenye bustani nzuri kuliko yote tuliyoona, nilikaa karibu na mzee aliyepooza upande wa kushoto. Kikombe chake cha chai kilikuwa kimewekwa kwenye meza ndogo upande huohuo wa kushoto. Alikitazama. Mkono wake wa kulia ulijaribu kuvuka kifua mara moja, ukarudi pajani. Chai ikapoa mpaka juu ikafanya utando. Baada ya muda alipita mhudumu mwenye haraka, akakiondoa kikiwa kimejaa vilevile, akachukua karatasi iliyoning'inia nyuma ya kiti na kuandika. Nilipoinuka niliisoma: mililita 200, amekunywa.

Sina hakika yule binti alikuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake na sebule nzima. Lakini kuanzia siku hiyo, nikionyeshwa karatasi yoyote iliyojazwa vizuri, natafuta mtu anayeelezwa na karatasi hiyo na kumtazama midomo. Midomo iliyopasuka na ulimi mkavu haviwezi kughushiwa.

Kengele ya kuita niliijaribu mwenyewe kila nilipopewa ruhusa. Keti kitandani, bonyeza, subiri uone nani anakuja na anakuja na uso gani. Tazama pia kamba ya kengele bafuni: mtu akianguka huwa sakafuni, kwa hiyo kamba iliyofungwa fundo juu ili isisumbue wanaofagia ni sawa na kutokuwepo. Halafu uliza kuhusu wale wasioweza kubonyeza. Msimamizi mmoja alinijibu, "Wote wanajua kubonyeza." Sikuhitaji kuuliza la pili. Mwingine alinionyesha ratiba ya kupita vyumbani, nani anapita na anatazama nini, akanionyesha na mkeka wenye kihisio unaotoa mlio mtu akitia mguu chini usiku. Mkeka ni kifaa tu. Kilichonifurahisha ni kwamba alikuwa ameshafikiria swali hilo kabla yangu.

Ngozi inataka maelezo marefu kidogo, maana ndipo uzembe huandikwa kwanza. Mtu asiyejigeuza hupata vidonda vya kulalia pale mfupa unapokandamiza ngozi: kisiginoni, nyongani, juu kidogo ya makalio. Wauguzi huvipanga katika hatua 4, kuanzia ngozi nzima iliyobadilika rangi hadi kidonda kinachofika kwenye msuli au mfupa. Hatua ya kwanza huelezwa kuwa ni wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole, na hapo watu weusi hudhulumika, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Inabidi kupapasa: je, mahali hapo pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au pamelegea, mzee anakunja uso ukipagusa, pamekuwa peusi zaidi au na rangi ya zambarau? Niliwauliza wahudumu katika kila makao wanavyotambua kidonda kinachoanza kwa mtu mweusi. Walioweza kunijibu walikuwa wachache, na wote walikuwa watu ambao ningewaachia mama.

Uliza pia ni wakazi wangapi wana vidonda sasa hivi, na kati yao wangapi walikuja navyo kutoka hospitali na wangapi wamevipatia hapo. Msimamizi makini ana hesabu hiyo kichwani. Omba kuona karatasi ya kumgeuza mgonjwa, huku jina limefunikwa. Kugeuza kila baada ya saa mbili ni desturi ya kawaida, ingawa ratiba hupangwa kwa kufuata hali ya mgonjwa na godoro lake. Karatasi inayosema saa nne kamili, saa sita kamili, saa nane kamili, saa kumi kamili, kwa kalamu moja na mwandiko usiotetereka, imejazwa kwa mkupuo mmoja alfajiri. Usiku wa kweli una saa sita na robo, na saa tisa kasoro dakika kumi.

Usiku ndio uliotutenganishia makao mazuri na mabaya. Uliza kuna watu wangapi wa zamu ya usiku walio macho, si walio "tayari kuamshwa", na kama nesi yuko jengoni au anapigiwa simu. Kisha piga hesabu mbele yao. Mashine ya kunyanyulia mgonjwa kwa kawaida huendeshwa na watu wawili. Kama usiku wapo wawili tu na wote wako chumbani wanambadilisha mtu, nani anaitika kengele ya ghorofa ya pili? Wengine walinitazama kama mchokozi. Lakini hilo si swali la uchokozi, mama yangu ndiye atakayekuwa kwenye ghorofa hiyo.

Swali hilohilo ndilo la moto. Vizima moto ukutani kila mtu anavyo. Tazama milango ya kuzuia moto, ile mizito yenye kujifunga yenyewe: ukiikuta imeegeshwa wazi kwa kabari au pipa la taka, moshi hautazuiwa na kitu. Vipo vishikilio halali vinavyouachia mlango ujifunge king'ora kikilia, omba uonyeshwe. Uliza mgonjwa asiyetembea anaokolewaje. Jibu zuri huwa halianzi na kumtoa nje, huanza na kumsogeza hadi sehemu inayofuata iliyo nyuma ya mlango wa kuzuia moto, kisha kuendelea kama hali inazidi. Uliza pia kama wamewahi kufanya zoezi kwa idadi ya watu wa usiku. Mazoezi mengi hufanywa mchana, bosi yupo, wahudumu wamejaa.

Jikoni nilikwenda kwa sababu ya kumeza. Chakula na vinywaji vya watu wenye shida ya kumeza hupangwa kwa kipimo cha kimataifa kiitwacho IDDSI, chenye ngazi 0 hadi 7: kuanzia kinywaji chepesi kama maji hadi chakula cha kawaida, na katikati viko vinywaji vilivyofanywa vizito na vyakula vilivyosagwa au kukatwa vidogo. Makosa ya ngazi moja yanaweza kupeleka chakula mapafuni. Usimuulize msimamizi, muulize mpishi. Katika makao tuliyoyachagua mpishi alikuwa anakoroga sufuria na hakugeuka hata kunitazama, akanitajia bila kusoma popote nani anakula kilichosagwa, nani kinywaji chake kizito, na nani "ukimpa haraka anapaliwa hata kama kimesagwa". Nilitoka jikoni nikiwa nimeshaamua nusu.

Kinywa ni ndugu wa kumeza, na watu hukisahau. Mdomo mchafu hujaa bakteria, na mtu anayepaliwa huwavuta mapafuni, ndiyo njia mojawapo ya kupata nimonia. Ukiruhusiwa kuingia vyumbani asubuhi baada ya wazee kuandaliwa, gusa miswaki. Niliwahi kuikuta mikavu, yote, na dawa ya meno imegandia mdomoni mwa tyubu, huku karatasi za ukumbi mzima zikiwa zimewekewa alama ya "usafi wa kinywa".

Dawa. Kila dozi inapaswa kusainiwa inapotolewa, na iliyokataliwa iandikwe kuwa imekataliwa. Mtazame mgawaji akiwa kazini: akisaini zote kwanza kisha azungushe vidonge, umeshajua. Insulini na dawa nyingine zinazohitaji baridi huwekwa kwenye jokofu lake lenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na kipimajoto kinachosomwa kila siku, si katikati ya chakula cha wahudumu. Ila dawa iliyonishughulisha zaidi ni za kutuliza. Ukikuta sebule nzima inasinzia saa nne asubuhi, uliza. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa za saikosisi (ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwepo) huongeza hatari ya kifo zikitumiwa kwa wazee wenye demensia, yaani waliopotewa na kumbukumbu na ufahamu, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa kwa dawa za zamani za kundi hilo. Zipo sababu halali za kuzitumia. Uliza tu ni wangapi wanazitumia, nani aliziandika na lini zilipitiwa mara ya mwisho. Mzee anayelala mchana kutwa ni rahisi kumtunza, na asiyesema hatakuambia kwamba analazwa.

Maji ya moto nayataja kwa ufupi. Bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, hivyo tangi huwekwa karibu nyuzi 60, na maji ya joto hilo huunguza ngozi ya mzee ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo bomba la kuogea linahitaji vali ya kuchanganya, na mhudumu awe na kipimajoto cha kupimia maji kabla ya kumwingiza mtu. Mkono wa mhudumu hautoshi, na mama hawezi kupiga kelele kwamba yanaunguza.

Wahudumu wenyewe utawajua kwa jinsi wanavyowataja wazee. Nikisikia "yule wa kulishwa" au "chumba 12 amejichafua", masikio yananisimama. Nikisikia "Babu hapendi kuogeshwa na mwanamume" najua kuna mtu anayesikiliza. Ulizeni wamekaa hapo muda gani, na mara ngapi wanaletwa watu wa muda kutoka nje. Mtu wa muda anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini hajui kwamba mama akisema "kesho" anataka maji.

Rudi kwa saa tofauti, hasa jioni zamu zinapobadilishana na siku za mwisho wa wiki. Makao yanayokutaka upige simu kabla ya kila ziara yana jambo. Kuomba usije wakati wa chakula kwa ajili ya utulivu wa wazee ninakuelewa, lakini hata hapo niliomba kumlisha mama mwenyewe siku moja moja, na kukubaliwa kwangu kulikuwa jibu tosha.

Kaka ndiye aliyesoma mkataba, na hapo nampa heshima yake. Ada inayotangazwa ni mwanzo tu. Tuliuliza kama pampasi zimo, mazoezi ya viungo, kumsindikiza hospitali, kufuliwa nguo. Tuliuliza ada inakuwaje mama akilazwa hospitali na kitanda chake kikabaki kitupu, inapanda mara ngapi na kwa taarifa ya muda gani, na ni sababu zipi zinawaruhusu kumtoa. Makao mamoja yalikuwa na kifungu kinachowaruhusu kumhamisha mkazi ambaye "mahitaji yake yameongezeka", bila kueleza nani anapima. Kwa mtu mwenye viharusi viwili, kifungu hicho ni notisi iliyokwisha kuandikwa isipokuwa tarehe. Tukasimama, tukaondoka. Pesa zilitutesa, sitaficha: tunachanga ndugu wote na bado kuna miezi mmoja anambebea mwingine, na maneno hutoka. Andikeni nani anatoa kiasi gani kabla mzee hajahamia, hata kama mnapendana.

Tulichagua makao yenye rangi inayobanduka na viti visivyofanana. Msimamizi wake, nilipomuuliza kuhusu ajali, hakusema hazitokei. Alitusimulia, bila kutaja jina, kuhusu mkazi aliyeanguka usiku akienda chooni, akatuonyesha walichobadilisha: taa ya chini ukutani, kitanda kinachoshuka hadi karibu na sakafu, na ratiba ya kumpeleka mtu chooni kabla hajaamka mwenyewe. Hakuona aibu, na hakujisifu.

Siku ya kumhamisha nililia garini, naye mama akanipapasa goti kwa mkono wake mzima. Tulikuwa tumeandaa karatasi moja ya ukutani: anavyopenda kuitwa, upande anaoweza kutumia, maana ya "kesho", anavyokunja nyusi akiumwa tumbo na anavyouma midomo akitaka choo. Wahudumu wameongeza mambo yao wenyewe chini, mengine sisi hatukuyajua. Uzito wake hupimwa kila mwezi nasi tunaletewa namba, kwa kuwa kupungua asilimia 5 kwa mwezi ni jambo la kumwita daktari.

Haikuwa peponi. Kisigino kimoja kilibadilika rangi, nesi akatupigia simu kabla hatujakiona, mto ukawekwa chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie, na ngozi ikatulia. Dada alitaka tumhamishe siku hiyohiyo. Nilimwambia, dada, tumepigiwa simu. Tungekuwa pengine tungekikuta wenyewe, kimeshaoza.

Tukiona kasoro tunaanza na nesi wa zamu, kisha msimamizi kwa maandishi yenye tarehe, na tunabaki na nakala. Mamlaka ya ukaguzi ipo kama hatua ya mwisho, na kuwaandikia hakuhitaji ruhusa ya mtu. Malalamiko yetu ya sasa ni chakula cha mchana cha Jumapili, ambapo walishaji huwa wachache na mama hulishwa wa mwisho, chakula kimepoa. Msimamizi amejibu kwamba mtu mmoja ataongezwa saa hizo. Jumapili hii ni zamu yangu, nitakwenda saa saba bila kupiga simu.